Masafa Mafupi kwa Anayeanza: Sikio Kwanza, Mdomo Baadaye

Maswali ni yaleyale. "Nimenunua redio, mbona nasikia mikwaruzo tu?" "Ninunue redio ipi?" "Nikishaiwasha naweza kuongea na watu wa nchi nyingine?" Nimeyajibu mara nyingi kwa vipande, na kila nikijibu moja nasahau jingine. Hapa yamekaa yote, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Anayeruka hatua ya 2 akakimbilia ya 9 ndiye huyohuyo anayeiuza redio yake baada ya wiki mbili.

Masafa mafupi ni yale yaliyo kati ya megahezi 3 na 30. Mawimbi yake hupanda angani, hupinda kwenye tabaka la hewa liitwalo ayonosfia, kisha hurudi ardhini mbali sana na yalikotoka, pengine kilomita elfu tatu kwa mruko mmoja. Hayahitaji setilaiti wala kifurushi cha data. Humo utakuta watangazaji wa kimataifa, meli, ndege, vituo vya kutangaza saa, na wanaredio wa ridhaa, yaani watu wa kawaida wenye leseni wanaozungumza wao kwa wao bila kufanya biashara. Nadharia nyingine tutaiokota njiani.

Vitu vya kuwa navyo

- Redio inayopokea mfululizo kuanzia megahezi 3 hadi 30, yenye kioo kinachoonyesha masafa kwa tarakimu, na yenye SSB, namna ya kurusha sauti wanayoitumia wanaredio wa ridhaa. Hiyo SSB usiiache. Redio isiyo nayo itakupa watangazaji tu. Wanaredio wa ridhaa utawasikia wakibwabwaja kama bata.
- Betri. Hata kama redio ina adapta, uwe na betri.
- Waya mwembamba wenye ganda, meta 10 hivi. Wowote ule.
- Spika za masikioni.
- Daftari na kalamu.
- Saa iliyorekebishwa kufuata UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima.

Onyo moja kabla hujatoa pesa. Zile redio ndogo za upepo zinazouzwa kwa wingi, za kubonyeza na kuongea, hazifiki masafa mafupi. Zinafanya kazi juu zaidi, kwenye megahezi 144 na 430 huko, na mawimbi yake huenda karibu moja kwa moja mpaka yakutane na kilima. Pia zipo redio zilizoandikwa "bendi 12" kwa herufi za dhahabu, zenye mshale unaotembea kwenye mstari badala ya tarakimu. Ukinunua hiyo umeuziwa mbuzi kwenye gunia: utanasa stesheni leo, kesho hutajua ulikuwa wapi.

Hatua ya 1: Onja bila kununua

Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi cha masafa mafupi ambacho mtu yeyote anaweza kukisikiliza na kukizungusha kupitia intaneti. Vipo na vingine vingi vya aina hiyo duniani. Tumia jioni mbili tatu huko. Utaona bendi nzima, yaani kipande kizima cha masafa, ikichorwa kama maporomoko ya maji kwenye kioo, kila mstari ukiwa ni stesheni. Jifunze sauti zake: mtangazaji anasikikaje, Morse (herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu) inasikikaje, SSB isiyowekwa sawa inasikikaje. Mtu akishajua anachokitafuta, redio yake ya kwanza haimtishi.

Ila usihamie huko moja kwa moja. Raha ya mchezo huu ni kunasa kwa waya wako mwenyewe.

Hatua ya 2: Tafuta mahali palipo kimya

Hapa ndipo wengi hushindwa, na hawajui kwamba wameshindwa hapa. Adui wa masafa mafupi siku hizi hayuko angani, yuko ndani ya nyumba. Chaja za simu na kompyuta, balbu za LED, televisheni, ruta ya intaneti, vidhibiti chaji vya sola: vyote hivi hutema mawimbi ya uchafu, na redio yako huyanasa kwa uaminifu mkubwa.

Mimi mwenyewe nilikaa karibu mwezi mzima nikiamini nimeuziwa redio mbovu. Nilikuwa nasikia mngurumo mmoja kuanzia mwanzo wa bendi hadi mwisho. Usiku mmoja umeme ulikatika mtaa mzima nikiwa nasikiliza kwa betri, na redio ikapumua. Stesheni zikatokea moja baada ya nyingine, kana kwamba zilikuwa zimejificha nyuma ya pazia. Umeme uliporudi, mngurumo nao ukarudi. Mhalifu alikuwa chaja ya kompyuta, meta moja kutoka nilipokaa.

Basi fanya hivi:

1. Weka redio kwenye betri, chagua masafa yasiyo na stesheni, ongeza sauti.
2. Zima meni swichi ya nyumba. Kelele ikipungua, adui yuko kwako. Ikibaki vilevile, anatoka kwa jirani au kwenye nyaya za mtaani.
3. Kama adui yuko kwako, washa umeme tena, kisha chomoa kifaa kimoja kimoja. Kuzima hakutoshi, kwa sababu chaja iliyo kwenye soketi hupiga kelele hata kama haichaji kitu.
4. Tembea na redio kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Dirishani, barazani, uani, juu ya paa. Meta kumi tu zaweza kubadilisha kila kitu.

Mahali palipo kimya zaidi ndipo penye kiti chako. Nimesikia redio ya bei ndogo ikiwa uwanjani ikiishinda redio ya bei kubwa iliyo sebuleni, tena ikiishinda vibaya.

Hatua ya 3: Tundika waya

Chukua ule waya, ondoa ganda kidogo kwenye ncha, ifunge kwa kibano kwenye antena ya fimbo ya redio, au tumia tundu la antena ya nje kama lipo. Ncha nyingine ipeleke nje, juu, mbali na ukuta. Mti unafaa. Mwishoni funga kamba ya nailoni ili waya wenyewe usiguse tawi.

Anza na meta 5 hadi 10, usianze na 40. Redio ndogo huzidiwa na waya mrefu: stesheni zenye nguvu hufurika na kutokea mahali zisipopaswa kuwa, ukadhani umegundua kituo kipya kumbe ni kivuli cha kile cha jirani.

Maonyo mawili, na haya sitanii. Waya usipite juu, chini wala karibu na nyaya za umeme, hata zile zinazoonekana zimefunikwa. Waya ukikatika au kamba ikifunguka, lazima uanguke mahali ambapo hautaigusa laini. La pili ni radi. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, acha kusikiliza wala usishike waya. Zoea kuuchomoa kila unapomaliza, ili mawingu yakijikusanya uwe uko nje tayari.

Hatua ya 4: Ijue saa

Masafa mafupi yana mchana na usiku kama soko. Jua likiwaka, tabaka la chini la ayonosfia hunyonya masafa ya chini, kwa hiyo mchana nenda juu: megahezi 15, 17, 21. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na masafa ya chini hufunguka: megahezi 5, 6, 7, 9. Ukiwasha redio saa saba mchana kwenye megahezi 6 na kulalamika kwamba hakuna kitu, umegonga duka kabla halijafunguliwa. Saa tamu kuliko zote ni zile za kuzunguka machweo na macheo.

Ratiba zote za masafa mafupi huandikwa kwa UTC, tarakimu nne. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada hapo, kwani kwetu siku huanza kuhesabiwa asubuhi. Aliye mahali palipo saa 3 mbele ya UTC akisema "saa mbili usiku" anamaanisha 20:00 ya saa ya hapo, ambayo kwa UTC ni 1700. Ni hesabu mbili, na kuzikosea ni rahisi. Mwanzoni niliwahi kuitumia stesheni moja taarifa ya usikivu, yaani kuieleza nimeisikia lini na vipi, nikaandika 0300 kwa kuwa nilisikia saa tatu usiku. Nikajibiwa kwa adabu kwamba saa hiyo mtambo wao ulikuwa umezimwa. Weka saa moja ya UTC mezani, usiiguse tena.

Hatua ya 5: Anza na stesheni kubwa

Watangazaji wamejikusanya kwenye vipande maalumu. Hivi ndivyo vyenye shughuli zaidi (meta ni urefu wa wimbi, na ndilo jina la kipande):

- Meta 49: megahezi 5.9 hadi 6.2 (usiku)
- Meta 41: 7.2 hadi 7.45 (usiku)
- Meta 31: 9.4 hadi 9.9 (jioni, usiku, alfajiri)
- Meta 25: 11.6 hadi 12.1 (karibu muda wote)
- Meta 19: 15.1 hadi 15.8 (mchana)
- Meta 16: 17.48 hadi 17.9 (mchana)

Weka redio kwenye AM na upande kwa hatua ya kilohezi 5, kwa kuwa watangazaji wengi hukaa kwenye hatua hizo. Usikimbie. Baki sekunde kadhaa kila mahali, maana sauti za mbali huzama na kuibuka. Stesheni nyingi hujitaja mwanzoni mwa saa, kwa hiyo ukikutana na muziki usiojua unatoka wapi, subiri dakika sifuri.

Ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Stesheni uliyoizoea ikipotea tarehe hizo, haijafa, imehama. Itafute.

Kisha jaribu vituo vya saa. WWV cha Fort Collins, Colorado, hurusha mlio wa sekunde kwa megahezi 2.5, 5, 10, 15 na 20, na kila dakika sauti ya kiume hutaja UTC. WWVH cha Hawaii kiko kwenye 2.5, 5, 10 na 15, na chenyewe kina sauti ya kike. Mara nyingine utawasikia wote wawili kwenye masafa yaleyale, mwanamke akitangulia na mwanamume akifuata. Ni kitu kidogo, lakini mara ya kwanza nilipowapata nilimwamsha kila mtu nyumbani. Hawakufurahi.

Hatua ya 6: Nenda kwa wanaredio wa ridhaa

Hawa wana vipande vyao. Vya kuanzia ni viwili: megahezi 7.0 hadi 7.2 jioni na usiku, na 14.0 hadi 14.35 mchana hadi jioni. Wikiendi huwa pamejaa.

Badilisha redio iwe SSB. Chini ya megahezi 10 chagua LSB (upande wa chini), juu yake chagua USB (upande wa juu, si ile ya kompyuta). Ukichagua upande usio sahihi hutaelewa neno hata moja, hata uzungushe mpaka kidole kichubuke. Sasa punguza hatua ya kuzungusha iwe ndogo kabisa. Sauti ikiwa nyembamba kama ya kinyago, au nzito kama ya mtu aliye pipani, sogeza pole pole mpaka awe binadamu. Chini ya kilohezi moja tu inatenganisha bata na mtu.

Utasikia "CQ", maana yake "naita yeyote". Utasikia alama za wito, yaani majina ya vituo hewani, zikitamkwa kwa alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie, kwa hiyo ikariri. Mwanzo wa alama huonyesha nchi: JA ni Japani, ZS ni Afrika Kusini, DL ni Ujerumani, 5Z ni Kenya, 5H ni Tanzania. Na utasikia misimbo: QTH ni mahali alipo mtu, QSB ni sauti kuzama na kuibuka, QRM ni mwingiliano wa stesheni, 73 ni salamu za kuagana.

Jambo litakalokushangaza: utamsikia anayejibu kutoka ng'ambo ya bahari, ila yule aliye kilomita mia tatu kutoka kwako humsikii kabisa. Mawimbi yake yameruka juu ya kichwa chako. Si kosa la waya.

Hatua ya 7: Andika

Kila unachonasa kiingie daftarini: tarehe, UTC, masafa, namna (AM, USB, LSB), nani, na alisikikaje. Baada ya miezi mitatu daftari hilo ni mali. Utaanza kuona mwenyewe kwamba upande fulani wa dunia hufunguka saa fulani, na hutamuuliza mtu tena.

Ukiwa na maandishi unaweza kutuma taarifa ya usikivu kwa stesheni na kuomba kadi ya QSL, uthibitisho kwamba kweli uliwasikia. Taarifa hutumia SINPO, tarakimu tano kati ya 1 na 5: nguvu, mwingiliano, kelele, kuzama kwa sauti, na hali kwa jumla. 55555 ni kamili. Usimpe kila mtu 55555 kwa heshima. Wahandisi wanataka ukweli, 24322 nayo ni habari. Eleza pia ulichokisikia kwenye kipindi, walau mambo matatu yenye dakika zake. "Muziki na mazungumzo" haimthibitishii mtu chochote.

Hatua ya 8: Michezo ya kusikiliza

Upo mtandao wa vituo 18 vya ishara duniani vinavyopokezana masafa matano: megahezi 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kila kimoja hupewa sekunde 10, na mzunguko mzima huisha kwa dakika 3. Kituo hutaja alama yake kwa Morse kisha hupiga mistari minne: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho sehemu moja ya kumi ya wati. Keti na ratiba yake, uhesabu mistari. Siku utakayosikia wa nne kutoka bara jingine, utaacha kuwasikiliza wanaosema masafa mafupi yanahitaji mitambo mikubwa.

Ukiwa na kompyuta, elekeza sauti ya redio kwenye programu ya WSJT-X, weka redio USB kwenye 14.074 au 7.074 (hapa ni USB hata chini ya 10). Hiyo ni FT8, namna ya kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kwa redio, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Zamu ni za sekunde 15, na programu husoma ishara ambazo sikio halizisikii. Saa ya kompyuta ikikosea sekunde mbili tatu, haisomi kitu. Wapo wanaoipenda kupita kiasi. Kwangu ni darubini nzuri ya kuona bendi imefunguka wapi, lakini haina sauti ya mtu.

Hatua ya 9: Leseni, kisha mdomo

Kusikiliza ni jambo moja, kurusha ni jingine. Huruhusiwi kubonyeza kitufe cha kurusha kwenye bendi hizi bila leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi uliyomo. Nyingi hutaka mtihani: umeme wa msingi, kanuni, usalama. Tafuta chama cha wanaredio wa ridhaa cha nchi yako. Vyama vya nchi mbalimbali vimeungana chini ya IARU, umoja wao wa kimataifa, iliyoundwa Paris mwaka 1925. Soma pia mipaka ya bendi zako, maana dunia imegawanywa kanda tatu na mipaka hailingani.

Leseni ikitoka, tengeneza dipole, antena ya waya yenye pande mbili sawa. Gawanya 143 kwa megahezi, upate urefu wote kwa meta. Kwa 14.2 ni meta 10 na kidogo, basi kila upande meta 5. Kata mrefu kidogo kisha upunguze kwa kupima SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Ukikata mfupi umekata. Usirushe kwa nguvu kamili kabla SWR haijashuka chini ya 2, na mtu yeyote asiguse waya ukiwa unarusha, unaunguza.

Wito wa kwanza uwe hivi. Sikiliza dakika nzima. Ukitaka kuita wewe, uliza kwanza kama masafa yana mtu, mara mbili. Lakini mara hii ya kwanza jibu wito wa mwingine badala ya kuita: taja alama yako mara moja, kwa alfabeti, nyamaza. Akikuitikia, mpe ripoti ya ukweli, jina lako na ulipo. Wengi wataongea Kiingereza, na maneno ishirini yanatosha. Mikono itatetemeka. Andika alama yake kabla hujaisahau. Mimi ya mtu wangu wa kwanza niliisahau.

Wati 100 zinatosha sana, na wapo wanaovuka bahari kwa 5. Novemba 1923 Fred Schnell wa Marekani na Léon Deloy wa Ufaransa walizungumza kwa Morse kuvuka Atlantiki kwenye meta 110 hivi. Sheria ya Marekani ya 1912 ilikuwa imewasukuma watu wa ridhaa chini ya meta 200, sehemu ambayo wakubwa waliiona haina faida. Wakapewa jalala, wakaokota almasi.

Ukikwama

*Kelele moja kila mahali.* Rudi hatua ya 2. Ndiyo, tena.

*Mchana bendi zote zimekufa ghafla, na jana zilikuwa nzuri.* Huenda jua limelipuka. Mlipuko mkubwa huyanyonya masafa mafupi upande wa dunia ulio mchana, dakika kadhaa hadi saa chache. Jaribu masafa ya juu zaidi, ndiyo hurudi kwanza, au pika chai.

*Bendi za juu, 21 na 28, ni kimya wiki nzima.* Shughuli za jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na bendi hizo ndizo huumia likitulia. Shuka 14 na 7.

*Nasikia stesheni moja mahali pengi.* Redio imezidiwa. Fupisha waya, au washa swichi ya kupunguza nguvu kama ipo.

*Sauti ya SSB haitulii, inateleza.* Redio inapata joto. Iache iwake robo saa kabla ya kuanza, na usiiweke juani.

*Naita CQ, hakuna anayejibu.* Fungua kipokezi cha intaneti kilicho mbali, weka masafa yako, jiite. Ukijisikia, mtambo wako ni mzima na tatizo ni saa au bendi uliyochagua. Usipojisikia, hamia kipokezi cha nchi nyingine kabla ya kupanda kwenye mti, maana huenda pale pa kwanza umeparuka. Vyote vikikataa, kagua kiungio cha waya na kebo. Changu kilikuwa kimeoza kwa mvua, na nilikuwa nimeita kwa siku nne.